Mpira Uliorudi Kirushya

Kila tukikutana kantini mnaniuliza lile lile: Chokaa alifika kwao? Na ule mpira je? Nimewajibu vipande vipande, huyu nikampa kichwa cha habari, yule mkia, na sasa nasikia watu wanasema natunga. Basi naandika mara moja, kituo baada ya kituo, na anayetaka kubisha abishane na karatasi. Habari za vibali na barua za ruhusa nimeziacha. Mnazijua.

Kwa wale waliojiunga na kiwanda karibuni: Chokaa ni Venanti, winga wetu wa kulia hapa kiwanda cha pamba, Mwanza. Aliitwa Chokaa kwa sababu alicheza karibu mno na mstari, hata mechi ikiisha kiatu chake kimoja kilikuwa cheupe na cha pili cheusi. Alisema amecheza Bujumbura, Kigali, Kampala na Nairobi kabla ya kuja kwetu. Mimi sikuamini. Nilikuwa na miezi sita tu tangu nitoke Chuo Kikuu, nikikaa ofisi ya utumishi, na siku moja nilijumlisha miaka aliyodai kukaa kila mji. Ilifika kumi na saba. Lakini mwenyewe alisema aliondoka kwao Ngara miaka kumi na minne iliyopita. Nilimwonyesha hesabu. Alicheka, akasema, "Msomi, wewe ungekuwa refa, mechi isingeanza."

Goti lake lilipokataa kabisa, ikaja barua kutoka Kirushya, kijijini kwao. Ilikuwa ya kwanza tangu aondoke. Mwalimu wa shule ya huko aliiandika kwa niaba ya baba yake, mistari miwili: "Mzee anasema ukirudi urudi na mpira. Bila mpira usije."

Venanti aliisoma mara nne. Halafu akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa mpira wa ngozi aliosema alizawadiwa Kampala baada ya fainali. Kweli ulikuwa umechomwa kwa chuma cha moto herufi KAMPALA.

"Mzee alikasirika kwa sababu ya mpira," akasema. "Sasa anautaka."

"Anautaka wa nini?"

"Mtu akiitwa na baba yake haulizi wa nini."

Mimi ningeuliza. Ndiyo maana niliomba likizo nikafuatana naye. Niliwaambia nyote kwamba naenda kumbebea mzigo kwa sababu ya goti. Ukweli ni kwamba nilitaka kufika mwisho wa hadithi zake nione kama pana ukuta au pana hewa tu.

Biharamulo

Hadi Biharamulo tulifika bila kisa. Hapo tukakwama siku tatu. Malori mazima yalikuwa yamekwenda vitani Uganda, na yaliyobaki yalikuwa yale ambayo hata vita viliyakataa. Kila asubuhi tulikaa kando ya barabara, Venanti akiwa ameuweka mpira mapajani ndani ya mfuko wa unga, mkono juu yake kama mtu aliyebeba yai.

Tulipanga kwa mjane mmoja, Mama Adela, jirani na boma la Wajerumani. Sukari haikuwepo wilaya nzima. Chai yake aliitia chumvi, akatupa na viazi vitamu vya kuchemsha, akasema ukila kiazi kwanza ulimi unadanganyika. Nilijaribu kwa uangalifu, kiazi kwanza, kisha chai kwanza. Ulimi wangu haukudanganyika hata mara moja. Wa Venanti ulidanganyika kila mara.

"Kazi yako ni ipi, mwanangu?" Mama Adela akamwuliza.

"Winga, mama."

Mama akanitazama mimi. Nikaona nisaidie. "Kwetu Pangani, mama, kuwinga ni kufukuza ndege shambani."

"Ala! Kazi nzuri hiyo. Mtama wangu ndege wameumaliza."

"Ni kazi hiyo hiyo," Venanti akasema, "ila mimi ndege ndio walikuwa wananifukuza."

Kila asubuhi kabla ya kutoka alikunja suruali na kuvuta gotini kitu cha sufu cha kijani kilichofifia, kama soksi ndefu iliyokatwa wayo. Kilikuwa kimetoboka mahali pawili na kutiwa viraka vya uzi mweusi. Nikamwuliza kwa nini hanunui bendeji. Akasema bendeji haijui goti lake.

Biharamulo hadi Nyakahura

Siku ya nne tulipata lori la magunia ya maharage. Juu ya magunia tulikuwa abiria wanane, na aliyekaa karibu nasi alikuwa mzee wa Nemba aliyekuwa akimpelekea binti yake kuku. Kuku alifungwa miguu, lakini mdomo ulikuwa huru, na alikuwa na ugomvi na kamba za viatu vyangu.

Kwenye kizuizi cha mbung'o tulishushwa wote. Mtu mwenye wavu alizunguka lori akitafuta wale nzi wa malale, akakung'uta hata kofia zetu. Mfuko wa Venanti akaupiga mara mbili. Venanti alipomwomba apige polepole, mzee wa Nemba akataka kujua kuna nini humo cha kuonewa huruma. Akaonyeshwa. Akasimuliwa pia habari za Bujumbura: jinsi Venanti alivyoingia mjini akiwa hana kiatu, akacheza na timu ya wauza samaki, wakamlipa samaki, naye akauza samaki akanunua kiatu cha kulia. Cha kushoto kilikuja msimu uliofuata.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa.

"Yaani umepita nchi nne ukikimbiza ngozi ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi tunachunga ng'ombe mzima, na hajatufikisha hata Geita."

Lori zima lilicheka, na Venanti zaidi ya wote. Muda mfupi baadaye springi ya nyuma ikakatika. Dereva alichungulia chini, akatoka na jani mdomoni, akasema wenye miguu watembee. Alimtazama Venanti alipoteremka kwa mguu mmoja, akaongeza: "Na wenye nusu pia." Tulitembea saa tatu. Mzee wa Nemba alinipa kuku nimbebe, kwa kuwa, alisema, tayari tumezoeana.

Nyakahura

Nyakahura ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe upande mmoja wa barabara, ndizi na muhogo upande wa pili, na katikati kizuizi cha mgambo. Kamanda wao alikuwa mtu mfupi mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Wenziwe walimwita Ndugu Zakaria.

"Ndugu, fungua mfuko. Hii nini?"

"Mpira, ndugu."

"Naona mpila. Nauliza hii." Kidole chake kilikuwa kwenye herufi. Akazisoma moja moja, na alipofika mwisho watu waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua mbili. Mnakumbuka siku zile. Vita vilikuwa vimeshavuka mpaka kuingia upande wa adui, lakini uvumi ulikuwa bado upande wetu: kalamu zinazolipuka, redio zinazolipuka, hata sabuni.

Nikaanza kueleza. Nilisema mpira ulitengenezwa kabla ya vita, kwamba kitu hakina uraia, kwamba kisheria ushahidi wa jina la mji peke yake hautoshi. Nilikuwa nazungumza vizuri sana. Ndugu Zakaria akanisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mwenziwe akasema, "Lete kisu."

Hapo ndipo nilipomwona Venanti akibadilika sura. Safari nzima alikuwa mtu wa kucheka.

"Ndugu Kamanda, ukiuchana huu mimi sina kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kirushya. Baba yangu ameniambia bila huu nisije."

"Baba gani huyo anataka mpila wakati wa vita?"

Swali hilo lilikuwa langu. Nilisikia vibaya kulisikia mdomoni mwa mtu mwenye kisu.

Venanti akavua shati. "Mtu hachezi na bomu," akasema. "Nipe vijana wako watatu. Waje wauchukue mguuni kwangu. Wakiuchukua, uchane."

Sijui kama Ndugu Zakaria alikubali kwa ajili ya usalama wa taifa au kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Alikubali.

Ukingo wa barabara ndio ukawa mstari wake. Mgambo wa kwanza alikuja na miguu wazi, mpira ukapita katikati, na Venanti akapita pembeni akamsalimu. Wa pili alikuwa mjanja, alingoja. Venanti naye akangoja. Walitazamana hadi mama mmoja muuza chumvi akapiga kelele, "Mnaoana au mnacheza?" na wa pili alipogeuza macho akajikuta peke yake. Wa tatu aliingia na mwili wote, akamkosa, akaishia kwenye lundo la muhogo la watu. Mimi nilisimama nimekumbatia shati na kuku. Nilikuwa nimemwona Venanti mazoezini Mwanza akiwa tayari amechakaa, akitoa pasi na kushika kiuno. Huyu sikuwahi kumwona. Alikimbia kama mguu wa kushoto ni mgeni anayepaswa kuheshimiwa, na wa kulia ndio mwenyeji. Hakuna mtu anayeweza kutunga jambo hilo.

Mwishowe Ndugu Zakaria mwenyewe alivua koti la mvua na kumkabidhi mtu bunduki yake. Soko zima lilisimama. Akauzunguka mpira mara nne, jasho likimtoka, kisha akaketi barabarani akicheka hadi machozi.

"Pita, ndugu. Pita na mpila wako. Lakini niache nipige mara moja."

Akapiga. Mpira uliruka juu ya mnada, ukaangukia kwenye ng'ombe, na ng'ombe wakatawanyika. Tulitumia nusu ya mchana kukusanya mifugo ya watu.

Baadaye, kuku amesharudi kwa mwenyewe, tulipopewa maziwa kwenye kibanda, Venanti hakuweza kukunja mguu. Goti lilikuwa limejaa ndani ya ile soksi ya kijani kama mkate ndani ya kikopo. Nikamwambia avue. Akakataa. Nikamwambia kwamba sasa naamini Kampala. Akanywa maziwa yake.

"Na Nairobi?"

"Nairobi bado nafikiri."

Ngara

Gari la misheni lililobeba saruji lilitupandisha milimani. Ngara ni baridi, tena baridi ya kuingia mifupani, na mimi mtu wa Pangani nilikuwa na shati moja. Mvua ilifunga barabara siku mbili. Tulikula ndizi za kupika na maharage asubuhi, mchana na jioni, na kila mpishi alinihakikishia kwamba za jana hazikuwa zenyewe.

Hapo ndipo Venanti aliponiambia alivyoondoka. Baba yake alitaka abaki alime kahawa. Yeye alitaka mpira. Walibishana, na alfajiri akaondoka bila kuaga. "Mzee mwenyewe alikwenda Buganda kwa miguu enzi za ujana wake, kulima pamba ya watu. Lakini alirudi. Mimi nilisema nitarudi msimu ukiisha."

"Upi?"

"Ndiyo hivyo. Misimu ya mpira haiishi, Msomi. Ukiisha wa huku unaanza wa kule."

Kirushya ya juu, Kirushya ya chini

Kutoka njia kuu tulipanda kwa miguu. Venanti aliongoza kwa fimbo, na kadiri tulivyopanda ndivyo alivyoongeza mwendo. Alinionyesha jiwe alilojifunzia kupiga chenga, mti wa kuegemeza baiskeli ya katekista, na kona ambayo nyumba ingeonekana. Tukageuka kona.

Palikuwa na migomba iliyoota ovyo, mafiga matatu, na nyasi.

Alisimama. Kisha akakaa juu ya figa moja, mfuko mapajani. Chuoni nilikuwa nimebishana juu ya vijiji vya ujamaa hadi sauti ikakauka, nikatetea mchana na kupinga jioni, mradi niwe upande usio na watu. Tulitaja shule, maji, zahanati, nguvu ya dola. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja mtu anayerudi kwao akakuta kwao kumehama.

"Walihama bila kuniambia," akasema.

"Wakati ule wangekuandikia wapi?"

Lilikuwa swali halisi, lakini nilipaswa kulimeza.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia maharage mteremkoni alinyoosha mgongo, akatuelekeza kwa jembe. Wote wako chini, barabarani, tangu mwaka wa kuhamia vijijini. Na baba yake, Mzee Ruhuza? Nyumba ya saba kutoka ofisi ya kijiji. Tulikuwa tumeipita asubuhi.

Mzee Ruhuza tulimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba mpya, akichambua maharage kwenye ungo. Mtu mdogo, shingo nyembamba, blanketi mabegani.

"Shikamoo, Baba."

Vidole viliendelea kuchambua. Niliyahesabu maharage. Saba.

"Marahaba," akasema, bila kuinua uso.

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Miongoni mwao alikuja Mwalimu Deodata, yule aliyeandika barua, mwanamke kijana mwenye chaki kwenye mikono ya gauni. Mzee alizungumza Kihangaza, na Mwalimu akanitafsiria pembeni.

"Anauliza, umekuja na mpira?"

Venanti akafungua mfuko. Akaufuta mpira kwa kiganja, akauweka chini mbele ya ungo, taratibu, kama alivyouweka kabla ya kupiga kona.

Mzee akautazama mpira. Akamtazama Mwalimu. Akautazama tena mpira, akasema neno fupi.

"Anasema hiki ni nini?"

Halafu mzee akaongea zaidi, akijigusa kifua na mikono, na Mwalimu Deodata akajiziba mdomo.

"Mama yangu! Kosa ni langu." Akanigeukia mimi, nafikiri kwa sababu hakuweza kumtazama Venanti. "Kwa Kihangaza chetu, mpira ni huu wa kuchezea. Na sweta nayo ni mpira. Neno moja. Mzee aliniambia mpira, nikaandika mpira. Alikuwa anadai sweta yake."

Nikamtazama Venanti. Hilo neno alilinyonya na maziwa ya mama yake. Lakini miaka kumi na minne ya mpira wa aina moja ilikuwa imeifuta kabisa ile maana ya pili.

Mzee sasa aliongea kwa sauti ya chini, na Mwalimu akatafsiri sentensi kwa sentensi, kwa maneno ya mzee mwenyewe: Nilikwenda Buganda kwa miguu. Tulikwenda wengi. Wengine waliolewa na nchi ya watu, wengine walikufa. Mimi nilirudi, na kitu nilichorudi nacho kilikuwa kimoja, sweta ya kijani. Mtu akinitazama nimeivaa alijua: huyu alikwenda, na huyu alirudi. Wewe ukaondoka nayo alfajiri. Nikasema sawa, ina desturi ya kurudi.

Hakuna aliyecheka. Barua ilikuwa imesema bila mpira usije, na mpira uliokuwa pale chini haukuwa wenyewe. Niliogopa. Nilikuwa nimemleta mtu mwenye mguu mmoja hadi mwisho wa nchi ili afukuzwe kwa ajili ya nomino.

Venanti akakaa chini kwenye vumbi. Akakunja suruali. Akashika ile soksi isiyo na wayo kwa vidole viwili na kuivuta, akiuma meno, maana goti lilikuwa bado limevimba. Ilipotoka nikaona ncha yake ina pindo la mkono. Siku zote hizo nilikuwa naitazama, na sikuuliza swali lililofaa.

Akampa baba yake kwa mikono miwili.

Mzee akauweka ungo pembeni. Akapitisha mkono wake ndani, ukafika kwenye kifundo, ukamkaa sawasawa.

"Mwili wake uko wapi?"

"Ulikwisha Bujumbura, Baba. Nilikuwa naulalia."

"Na mkono wa pili?"

"Nairobi. Kipa wetu alivunjika kiwiko. Nilimfunga nao."

Mzee aligusa viraka vya uzi mweusi kimoja kimoja.

"Kwa hiyo haujarudi wote."

"Haujarudi wote, Baba."

"Nawe naona goti halijarudi lote."

"Halijarudi."

"Basi utakaa hapa mpaka huo mkono wa pili urudi."

Mwalimu Deodata alichelewa kunitafsiria hilo, akijifuta uso na kuacha chaki kwenye shavu. Kabla hajamaliza, Venanti alikuwa ameshauliza.

"Na usiporudi?"

"Ndicho nilichosema," mzee akajibu, akarudi kwenye maharage yake, mkono mmoja wa kijani na mmoja mtupu. Baada ya muda aliusukuma ungo katikati yao, na mwanawe naye akaanza kuchambua.

Kurudi

Nilikaa siku nne. Nilinywa rwagwa, pombe yao ya ndizi, nikakataa cha pili, nikapewa cha tatu. Mpira wa Kampala ulikwenda shuleni. Chokaa haikuwepo, kwa hiyo Venanti alichora mstari wa uwanja kwa majivu ya jikoni, akiupima kwa hatua zake mbovu, na jioni ile kiatu chake kilikuwa cha kijivu.

Nilipoaga nilimwuliza mara ya mwisho kuhusu ile hesabu ya miaka kumi na saba. Akaniambia nijumlishe tena nikifika Mwanza. Nimejumlisha. Bado inazidi mitatu. Nimeiacha.

Nyakahura, Ndugu Zakaria alinitambua kwa mbali. Alininyang'anya mfuko kwa mazoea, akaukuta mtupu, akashtuka.

"Msomi! Mpila ulifika?"

Nikamwuliza: "Upi?"